Nilinunua Nyumba Majengo, Wageni Wakawa Hawatoki kwa Miguu Yao

Siku niliyohamia kwenye nyumba yangu mwenyewe, nilifukuzwa na bibi mmoja mwenye kata ya maji mkononi.

"Toka! Mwanamume anaingia huku kufanya nini? Huna haya?"

Nikamwambia, "Mama, hii nyumba ni yangu."

"Ni yako, nani kakataa? Toka!"

Nyuma yake, uani kwangu, juu ya ubao, palikuwa na maiti amefunikwa shuka.

Simjui. Si ndugu yangu, si rafiki yangu, wala sijawahi kumwona. Na funguo za nyumba ziko mfukoni mwangu.

Ngojeni nianzie mwanzo, maana najua wengine humu mtaanza kusema mzee anatunga. Mimi ni mtu mzima sana, naandika kwa kidole kimoja, na sina muda wa kutunga.

Naitwa Faki. Mimi ni Mpemba. Mwaka wa hamsini na saba nilikuwa kijana mwenye masharubu membamba na suruali zilizonyooshwa vizuri, kwa sababu nilikuwa fundi cherehani kwenye duka la Mhindi mmoja River Road.

Nairobi kwangu ilikuwa ughaibuni hasa. Kwetu Pemba tulikuwa na Sultani wetu, huku ni koloni la Mwingereza, tena wakati wenyewe wa Hali ya Hatari, askari kila kona anataka pasi. Na ile baridi ya mwezi wa saba! Nilikuwa nashona nimevaa makoti mawili.

Nilikuwa navumilia kwa sababu ya mtu mmoja tu.

Anaitwa Muhiba. Yuko Unguja, Ng'ambo. Nilimwona nilipokuwa najifunza ushonaji huko. Siku ya kwanza alipopita mbele ya duka, nilishona mkono wa shati la mteja nikaufunga kabisa, mkono usiingie. Alirudi, akaliona lile shati, akacheka. Nikaisha hapo hapo.

Tatizo lilikuwa mama yake, Bi Salme. Mjane, mrefu, maneno machache, macho makali. Niliwahi kuuliza anafanya kazi gani, nikaambiwa, "Anasaidia watu." Sikuuliza tena, nani anauliza zaidi kwa mkwe?

Nilipopeleka posa, Bi Salme alinipa jibu moja.

"Binti yangu haendi Nairobi kuishi chumba cha kupanga, ashindanie choo na wapangaji. Nunua nyumba. Nitakuja mwenyewe kuiona. Nikiridhika, mtaoana. Nisiporidhika, usinipigie hodi tena."

Nikauza mikarafuu yote aliyoniachia baba. Yote. Ndugu zangu Pemba walisema nimerogwa na mwanamke wa Unguja. Sikuwajibu, kwa sababu huenda walikuwa wanasema kweli.

Sasa ndipo nikaipata hiyo nyumba, Majengo, kule Pumwani.

Nyie, sikilizeni. Ilikuwa nyumba kongwe, ya tangu Majengo yenyewe inaanza, lakini imekarabatiwa ikakarabatika. Zamani paa lilikuwa la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, sasa ni mabati mapya. Kuta za udongo zimepigwa lipu na chokaa. Mlango wa mbele ni mpana ajabu, na ukumbi umenyooka kutoka barazani mpaka uani bila kizingiti cha kukukwaza.

Lakini kilichonimaliza ni ua.

Wote umepigwa saruji. Una mteremko mzuri na mtaro wa kupitisha maji. Ukuta ni mrefu, jirani haoni kitu. Na pembeni kuna bomba. Bomba la maji, lako peke yako, wakati mtaa mzima unapanga foleni na ndoo kwenye bomba la Kaunsil!

Nikajiambia, hii imetengenezwa kwa ajili ya bibi harusi.

Mwenye nyumba alikuwa Bi Mishi, bibi mnene, mcheshi, tambuu haimtoki mdomoni. Ukimsikia anacheka ujue bado hajafika, yuko nyumba ya tatu. Hakuwa na mtoto. Alisema amechoka kuhangaika na nyumba, anataka chumba kimoja tu hapo ng'ambo ya njia, alale.

Nilijua kuna matajiri wawili wanaitaka nyumba hiyo, na wana uwezo kunishinda. Hakuwauzia. Aliniita mimi, mbele ya wazee wa mtaa, akaniuliza swali moja.

"Faki mwanangu. Ukigongewa mlango, unafungua?"

Nikacheka. "Nafungua, bibi. Kwani mimi mwizi?"

"Yeyote akigonga?"

"Yeyote."

Akawatazama wazee. Wazee wakatikisa vichwa. "Mmesikia," akasema. Tukasoma Fatiha, nyumba ikawa yangu.

Niliona ni maswali ya kizee tu. Ningejua!

Basi turudi siku ile ya kata. Niko barazani kwangu, nimefukuzwa, kitanda changu kipya kiko juu ya mkokoteni, mwenye mkokoteni anauliza ashushe wapi. Wanaume wakaanza kufika mmoja mmoja na kofia zao. Kila anayefika ananishika mkono kwa huzuni.

"Makiwa, Bwana Faki."

Nifanyeje? "Tunayo," nikajibu.

"Makiwa."

"Tunayo."

Nikapewa pole za mtu nisiyemjua mpaka mkono ukauma. Mwingine akaniambia nijikaze, ndiyo dunia.

Chumba cha mbele kilikuwa na mpangaji niliyenunua pamoja na nyumba. Anaitwa Otiende, Mjaluo wa reli, mtu mkubwa mwenye kofia ya kazi isiyotoka kichwani. Alikuwa ameketi dirishani kwake anakula muhogo kwa utulivu.

Nikamwendea. "Otiende, ni nini hii?"

"Nini nini?"

"Maiti! Nyumbani kwangu!"

Akashangaa kweli. "Kwani Bi Mishi hakukuambia? Hii nyumba ndiyo ya kuosha watu. Majengo yote inakuja hapa. Landlord ingine haitaki maiti kwa ploti, na watu ni wengi kwa chumba moja, utaoshea mtu wapi?"

"Na wewe unaishi humu?"

"Kodi iko chini. Na hawa watu hawaombi chumvi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa unaangalia bomba tu. Nikasema huyu mtu anapenda maji."

Nikakaa chini. Vitu vikaanza kunijia kimoja kimoja. Mlango mpana, ni wa kupitisha jeneza. Ukumbi usio na kizingiti, wabebaji wasijikwae. Mteremko, mtaro, ukuta mrefu, bomba. Nyumba yote ilikarabatiwa kwa ajili ya wafu, na mtaa mzima ulichangia saruji ile. Mimi nikauza mikarafuu ya baba kuinunua.

Nilimfuata Bi Mishi nikiwa nawaka moto. Nikamkuta anakausha mikono, maana muosha mwenyewe wa wanawake alikuwa yeye, ndiye aliyekuwa na ile kata, uso ameufunga kanga hata nisimjue.

"Bi Mishi, umeniuzia nyumba ya maiti!"

"Ya maiti iko Kariokor, makaburini. Hii ni ya watu."

"Umenidanganya!"

"Nilikuuliza mbele ya mashahidi. Ukigongewa, unafungua? Ukasema nafungua. Yeyote? Ukasema yeyote. Nani kamdanganya mwenzake?"

Akacheka cheko lake lile. Nikanunua kufuli kubwa kuliko zote zilizokuwa sokoni.

Kufuli ilikaa siku chache. Kwanza salamu zangu zikawa haziitikiwi. Nasema "Asalaam aleikum", watu wanatazama mawingu. Mama wa mahamri akawa anamaliza mahamri kila nikifika. Kinyozi akaninyoa upande mmoja wa kichwa, akaniambia amechoka, nije mwezi ujao.

Niliitoa kufuli. Nilivaa kofia mpaka nywele zikalingana.

Na kusema kweli, nilizoea. Maiti akiletwa, mimi nafungua, naenda zangu kazini. Nikirudi, ua umeoshwa unang'aa, na kuna bakuli la chakula nimewekewa. Bi Mishi akawa ananiita mwanangu, na mimi sikuwa na mama, nikawa naitika. Kila jioni alikuja barazani kwangu na tambuu yake, anamtania Otiende aslimu ampe mke.

Kisha ikaja simu ya maandishi kutoka Unguja. Bi Salme anakuja.

Nikaisoma mara tatu.

Hebu fikirini. Mama ametoka mbali kuja kukagua nyumba ya binti yake. Anakaa barazani anywe chai. Mara linaingia jeneza. Hapo kuna harusi tena? Mwanamke gani atamkabidhi binti yake nyumba ambayo kila wiki inaingia maiti?

Nikaenda kwa Bi Mishi. "Bibi, nakuomba. Mkwe wangu anakuja kwa siku chache tu. Katika siku hizo, asiletwe mtu."

"Nimwambie Izraili apange foleni?"

"Bibi, mimi sicheki."

"Mimi nacheka," akasema. "Lakini mwanangu, mimi siui watu. Mimi nawaosha tu. Ukitaka wasife, katazame wagonjwa."

Alikuwa anatania. Mimi sikuchukua kama utani.

Siku iliyofuata nilipita Majengo nzima kuuliza nani mgonjwa. Nikanunua makongoro, nikapika supu, nikaanza kugawa. Kwa mwenye kikohozi nilipeleka tangawizi. Kwa mwenye homa nilimleta dresa, yule msaidizi wa daktari hospitalini, kwa nauli yangu. Kuna bibi alikuwa na baridi yabisi tu, haendi popote, lakini na yeye nilimpelekea blanketi, sikutaka kubahatisha.

Mgonjwa aliyenitisha zaidi ni Mzee Idarusi. Pumu ilikuwa imembana, watoto wake walishaanza kuulizana bei ya sanda. Nilikaa kando ya kitanda chake namlisha kijiko kwa kijiko.

"Mzee, jitahidi. Wiki hii usife."

Akafungua jicho moja. "Wiki hii kuna nini?"

"Mkwe wangu anakuja."

Akawaza. "Binti mwenyewe mzuri?"

"Mzuri sana, mzee."

"Basi nitajikaza. Ongeza pilipili."

Mtaa mzima ukaanza kunisifu. Imamu akanitaja baada ya sala ya Ijumaa, eti kijana mgeni ana huruma kuliko wenyeji. Nilitazama miguu yangu. Otiende, aliyejua yote, alicheka siku hiyo mpaka akakosa zamu.

Bi Salme akafika kwa treni ya Mombasa. Otiende akabeba sanduku lake begani kutoka stesheni, na mimi nikabeba wasiwasi wangu.

Alisimama mlangoni. Hakuingia. Alinyoosha mikono yake yote miwili, akapima upana wa mlango.

"Mlango mpana," akasema.

"Ndiyo mama. Kitanda kitapita bila kufunguliwa miguu."

"Kitanda inapita," akadakia Otiende. "Kila mara inapita."

Nikamkanyaga mguu.

Bi Salme akatembea ukumbini polepole, akitazama chini, mpaka uani. Akaliona bomba. Akaomba maji ya kunywa, akanywa kidogo, yaliyobaki akayamwaga sakafuni kusudi. Maji yakateremka moja kwa moja mpaka mtaroni.

"Nani alijenga sakafu hii?"

"Bi Mishi, mama, aliyeniuzia. Alikuwa... anapenda kufua."

"Anafua nini?"

"Mashuka. Meupe meupe."

"Hm," akasema Bi Salme. Hiyo "hm" ilininyima usingizi.

Sasa kuna jambo sijawaambia. Ule ubao wa kuoshea ulikuwa mkubwa, mzito, na hapakuwa na pa kuuficha. Nikaugeuza meza. Nikatandika kitambaa cha maua nilichokitarizi mwenyewe, na mchana huo nikamwandalia mama mkwe pilau juu yake.

Bi Mishi alikuja kumkaribisha mgeni. Alipoona pilau imewekwa juu ya nini, alitoka mbio, nikamsikia anachekea nje mpaka anakohoa. Otiende alichukua sahani yake. "Mimi nitakula nikisimama," akasema. "Mgongo inauma."

Bi Salme alikula tonge mbili. Kisha akashika ncha ya kitambaa, akakifunua, akatazama mbao. Akapitisha kidole kwenye matundu.

"Meza gani hii ina matundu?"

"Ni ya kukatia nguo, mama. Mimi ni fundi."

"Na matundu?"

"Ya upepo."

"Nguo inataka upepo?"

"Ya pamba, ndiyo."

Akarudisha kitambaa polepole. Hakula tena. Nikaona uso wake umebadilika, nikajua nimekwisha.

Lakini siku zikaenda nikigawa supu yangu, na hakuna aliyekufa. Hata Mzee Idarusi alionekana njiani na bakora anatafuta pilipili. Bi Salme akawa na Bi Mishi asubuhi na jioni, wanapika pamoja, wananong'ona. Kila nikitokea wananyamaza. Nikahesabu ni siku moja tu imebaki, kesho anaondoka, na bado hajanipa jibu.

Asubuhi hiyo tulikuwa ukumbini tunakunywa chai, mimi na Bi Salme. Nilikuwa nimefunga mlango wa mbele kwa komeo, kwa tahadhari.

Otiende akaingia kwa mlango wa uani. Kofia yake ya reli ilikuwa mkononi.

Sijawahi kumwona bila kofia.

"Fundi," akasema. "Bi Mishi ameenda."

"Ameenda wapi? Sokoni?"

Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Wote niliowalisha supu walikuwa hai. Aliyekufa ni yule ambaye sikumpelekea hata kijiko, kwa sababu hakuwa mgonjwa. Jana yake tu alinitania kwamba mkwe ataniona bado nina kichwa cha upande mmoja. Alisali alfajiri, akajinyoosha kidogo, hakuamka.

Nikasikia miguu ya watu wengi nje. Ikasimama mlangoni.

Hawakugonga. Walijua kuna mgeni ndani, mtaa mzima ulijua shida yangu. Wakasimama tu na kitanda chao mabegani. Kisha nikasikia sauti ya Mzee Idarusi.

"Faki mwanangu. Tunajua hali yako. Ukitaka, tutampeleka kwingine. Hatuna pa kumpeleka, lakini tutatafuta."

Nilimtazama Bi Salme. Alikuwa ameshika kikombe, ananitazama bila kupepesa.

Niwaambie ukweli, nilimwona Muhiba. Niliona mikarafuu ya baba imekwenda bure. Niliona miaka yangu yote ya kushonea wenzangu nguo za harusi. Nikifungua lile komeo, basi.

Lakini huyo nje ni Bi Mishi. Huyo ndiye aliyekuwa ananiwekea chakula nikirudi kazini. Alizunguka kutafutia watu wote wa Majengo pahala pa heshima pa kuogea mara ya mwisho, na sasa yeye yuko juani, nje ya nyumba yake mwenyewe, anasubiri mimi niamue.

Nilianza kulia kabla sijafika mlangoni. Nikavuta komeo, nikafungua mlango wote.

"Mleteni ndani."

Wakapita. Nikamgeukia Bi Salme. "Mama, nisamehe. Nilikuficha. Nyumba hii ndiyo wanayooshea maiti wa mtaa huu. Ile si meza. Rudi Unguja, mwambie Muhiba nilijaribu."

Alikuwa ameshasimama, anamfuata marehemu uani.

Wanaume tukatoka. Tukakaa barazani, na mimi nikapewa pole kwa mara nyingine, ila safari hii nilizipokea kwa haki. Ndani tukasikia wanawake wanabishana. Bi Mishi ndiye aliyekuwa anajua kila kitu, wengine walikuwa wanamshikia tu maji. Sasa hakuna anayejua aanze wapi, na hakuna anayethubutu kushika ile kata. Muosha amekufa, nani atamuosha?

Kisha ikasikika sauti moja, ya chini, haina haraka.

"Nipisheni. Leteni maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto. Nani ana karafuu maiti? Majani ya mkunazi yako wapi? Wewe, fungua bomba. Na ule ubao wa pilau, uleteni hapa, mtoe na kile kitambaa."

Baada ya hapo tukasikia maji tu.

Otiende akaniinamia. "Fundi. Huyo si mkwe yako?"

Nikageuka nikautazama mlango.

Tulimzika Bi Mishi adhuhuri. Tuliporudi, Bi Salme alikuwa barazani, ameketi pale alipokuwa anaketi marehemu, nguo zimelowa. Akaniashiria nikae.

"Nilidhani unajua," akasema.

"Nijue nini, mama?"

"Kwamba mimi ndiye muosha maiti wa Ng'ambo."

Nikamtazama.

"Kila mchumba wa Muhiba amekimbia kwa sababu hiyo," akasema. "Mmoja alikataa hata kupokea kahawa mkononi kwangu. Basi ulipokuja wewe, mtu wa Nairobi, nikasema afadhali, huku hakuna anayenijua, mwanangu ataolewa kwa amani. Nikaja kuikagua nyumba. Nafika mlangoni, naona mlango wa jeneza. Naingia uani, naona mteremko. Nikasema labda macho yangu yamezoea kazi. Halafu ukanitandikia pilau juu ya ubao wa kuoshea!"

"Mama, mimi..."

"Nikasema huyu kijana ameshaambiwa habari zangu, na ananikejeli mbele ya watu. Nilikaribia kukumwagia sinia lote kichwani! Ni marehemu aliyenizuia. Aliniambia, mwache, hajui kitu, anakuogopa wewe kuliko unavyomwogopa yeye. Nilitaka nikwambie siku ileile. Akaniambia ngoja, tumwangalie, siku akigongewa atafungua au atafunga."

Wamekaa wanawake wawili siku zote hizo wananitazama nikigawa supu mtaani.

Sijui nani alianza. Nadhani ni mimi. Nilianza kucheka huku machozi bado yananitoka, na Bi Salme akaficha uso kwenye kanga, mabega yanatikisika.

Otiende akatoa kichwa dirishani. "Matanga gani hii watu wanacheka?"

"Ya Bi Mishi," nikamjibu. Akawaza kidogo, akakubali.

Matanga yalipokwisha, Bi Salme alirudi Unguja kumleta Muhiba. Akamleta Muhiba na masanduku matatu. La Muhiba lilikuwa moja.

Tukaoana, Bi Salme akachagua chumba cha mbele. Otiende akahamia cha nyuma, na hakuna aliyemuuliza. Nilinunua nyumba ili mama mkwe aje kuitazama, akaitazama mpaka mwisho wa uhai wake, na Majengo hawakukosa muosha.

Mnataka funzo? Haya. Ukinunua nyumba ugenini, acha kuulizia vyumba na bomba. Kaa kwanza na majirani uwaulize, hapa huwa mnakuja kufanya nini? Na kama kuna jambo unamficha mkweo, mwambie mapema. Huenda na yeye ana lake linamnyima usingizi, mkaokoa supu nyingi.

La mwisho, halafu niwaache.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa asubuhi ya mvua, humo humo ndani. Wanawake wa mtaa walijaa ukumbini. Bi Salme akamchukua mjukuu wake akiwa bado ana damu, akampeleka uani chini ya ukingo wa paa, akamwosha taratibu kwa maji ya uvuguvugu, mkono wake haujui namna nyingine.

Mtoto akapiga ukelele, barabara nzima ikasikia.

Bi Salme akasimama na kata mkononi. Nilimwona analia, mama yule ambaye sikuwahi kumwona analia.

"Miaka yote ya kazi hii," akamwambia mtoto, "wewe ndiye wa kwanza kunilalamikia."